Tishu Gani, na Septiki Hujaa Aje? Mwongozo wa Choo cha Ploti Kabla Mzigo Ikurudie Bafuni

Ukienda kuona keja Rongai, Ruaka, Kitengela ama Utawala, maswali huwa ni yale yale. Maji hukuja siku gani? Stima ni ya tokeni? Geti hufungwa saa ngapi? Alafu unaflashi choo mara moja, unaskia imenguruma vizuri, unasema "hii iko fiti," unatuma deposi.

Swali yenye karibu hakuna mtu huuliza ni hii: ukiflashi, hiyo mzigo inaenda wapi?

Kwa ploti nyingi za mitaa za nje ya Nairobi, haiendi mbali. Inaenda mita chache tu, inakaa kwa tenki chini ya pale unaanika nguo ama pale Probox ya jirani hulala. Hakuna bomba kubwa la kuibeba. Tenki ikijaa na hakuna mtu ameshughulika, mzigo inatafuta njia ya kutoka, na njia ya karibu huwa ni bafu ya yule msee anaishi grao.

Kwa hivyo hii si stori ya uchafu tu. Ni stori ya kodi yako, afya yako, na saa zingine maisha ya msee wa kibarua. Na inaanza na kitu ndogo sana: tishu yenye uko nayo mkononi.

1. Kwanza jua choo chako kinamwaga wapi

Kuna njia nne za kawaida.

*Laini ya majitaka.* Estate za zamani kama Buruburu na Umoja zimeunganishwa na mabomba makubwa. Mzigo husafiri hadi kwa mitambo ya kusafisha maji, na ile kubwa zaidi ya Nairobi iko Ruai. Usijione umeokoka juu unaishi huko. Bomba ikizibia kwa ploti yenu, shida ni yenu, si ya Ruai.

*Septiki.* Tenki ya saruji chini ya ardhi, mara nyingi imegawanywa vyumba viwili. Pembeni kuna shimo lenye mawe, la kuwacha maji inyonywe na udongo.

*Tenki iliyofungwa.* Hii inaonekana kama septiki lakini haina pa kutoa maji. Kila tone inaingia inakaa hapo hadi inyonywe na lori. Ndio maana ploti zingine lori huingia kila mwezi, na zingine mnaweza maliza miaka hamjaiona.

*Biodaijesta.* Tenki ndogo yenye inategemea bakteria kuvunja mzigo, alafu maji inatoka inaenda kwa udongo. Wauzaji hupenda kusema ati hutawahi kuita lori tena. Hiyo ahadi inashikilia tu kama watu wanatupa ndani vitu zenye zinaoza. Pedi moja haiozi. Pedi mia moja ni ukuta.

Muulize keateka uko kwa gani kati ya hizi. Kama hajui, hiyo pia ni jibu.

2. Venye septiki hufanya kazi

Mzigo ikiingia kwa tenki, inajipanga tabaka tatu. Vitu nzito zinashuka chini zinakuwa tope. Mafuta na vitu nyepesi zinaelea juu kama ngozi ya maziwa ya chai. Katikati kunabaki maji, na ni hiyo maji tu inafaa kupita iende kwa shimo la kunyonya.

Chini huko kuna bakteria wenye hawahitaji hewa. Wao ndio wafanyikazi. Wanakula tope pole pole, lakini hawaimalizi yote. Kila mwaka tope inapanda kidogo. Ikifika kiwango fulani, maji inapita na uchafu wake, inaziba shimo la kunyonya, na hapo ndio balaa huanza.

Kwa nyumba ya familia moja yenye tenki ya saizi inafaa, kanuni ya kawaida ni kunyonya kila miaka 3 hadi 5. Kwa ploti ya bedsita 24 yenye tenki ilichimbwa ya nyumba 8, sahau hiyo kalenda.

Alafu kuna udongo. Kitengela, Syokimau, Athi River na sehemu za Embakasi ziko juu ya ule udongo mweusi wa mfinyanzi, ule hukushika viatu ukitembea mvua ikinyesha. Udongo ka huo ukilowa unavimba na kufunga, hauachi maji ipite haraka. Ndio unaona Aprili na Novemba mashimo ya ploti zinafura na hakuna mtu ameongeza kuenda choo. Mvua ndio imekataza maji kutoka.

3. Kuchagua tishu bila kudanganywa na paketi

Tishu ya choo imetengenezwa kwa nyuzi fupi za karatasi zenye zinaachana zikikutana na maji. Hiyo ndio kazi yake. Savieti, tishu ya kupanguza pua na ile roli ya jikoni ni familia ingine kabisa. Nyingi huwekwa kitu cha kuzifanya zisiraruke zikilowa. Ndio maana unaweza panguza meza na roli ya jikoni ikabaki mzima. Ukiitupa chooni, itabaki mzima pia huko.

*Jaribio la chupa.* Hii ni ya bure na hudanganywi. Chukua chupa ya maji yenye mdomo mpana, ama jagi yoyote ya kufunika. Weka maji nusu. Tumbukiza vipande vitatu au vinne vya tishu yako. Tikisa sekunde kumi hivi, wacha itulie, angalia.

Kama imekuwa uji mwepesi wa vipande vidogo vidogo, hiyo ni tishu ya tenki. Kama bado unaona shiti mzima zinaogelea, hiyo ni ya kupanguza vitu tu, si ya kuflashi. Fanya hivyo na savieti ya pale kwa mtu wa chips ndio uone tofauti.

Hili jaribio linapendwa sana na wale wasee wa Marekani wanaishi kwa magari, wale unaona YouTube wakiamka kando ya ziwa. Choo yao inamwaga kwa tenki ya lita kama 100 hadi 200 hapo chini ya gari, na wanaimwaga wenyewe na bomba kwa vituo maalum. Wakikosea tishu, ama wakitumia maji kidogo, mzigo inakauka na kupanda kama kichuguu chini ya choo, haitoki. Tenki yenu ni kubwa kuliko yao, lakini sheria ni zile zile: karatasi inayeyuka, maji ya kutosha.

*Tabaka ngapi?* Ya tabaka moja huyeyuka haraka kuliko zote, ila huwa unakunja mingi juu inapasuka. Ya tabaka mbili ndio ya katikati: laini vya kutosha, na nyingi hupita jaribio la chupa. Zile nene za tabaka tatu zenye maua ni tamu kwa ngozi lakini huchukua muda kuachana. Kama choo yenu hulemewa, hizo si zenu.

*Nyeupe sana ama ya kijivu?* Ile ya kijivu kidogo huwa imetokana na karatasi zilizotumika awali. Nyuzi zake ni fupi, kwa hivyo mara nyingi inayeyuka poa. Ni ngumu kidogo kwa ngozi. Ile nyeupe laini ni nyuzi mpya. Zote zinaweza kuwa sawa, chupa ndio ikuambie.

*Harufu na rangi.* Tishu ya waridi yenye harufu ya maua haisaidii tenki na haikusaidii wewe. Kama huwa unawashwa ukitumia, hasa madem, rudi kwa ile nyeupe isiyo na manukato uone kama itatulia.

*Bei.* Hapa ndio wengi hukatwa. Roli haiuzwi kwa urefu wa macho, inauzwa kwa idadi ya shiti. Soma paketi. Mfano tu: roli ya bob 40 yenye shiti 200, kila shiti ni senti 20. Roli ya bob 30 yenye shiti 120, kila shiti ni senti 25. Ile "rahisi" ndio ghali. Alafu ifinye. Kama inabonyea kama mkate na ile karatasi ngumu ya katikati ni pana, umenunua hewa.

*Alama ya KEBS.* Paketi ikiwa na alama ya ubora, huwa na nambari ya kibali chini yake. Tuma SM# ikifuatwa na hiyo nambari kwa 20023, utaambiwa ni ya kampuni gani na bidhaa gani. Jina likikataa kufanana na paketi, rudisha.

Na kama nyinyi ni wa maji, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Pwani na Eastleigh, tenki yenu inapata karatasi kidogo sana. Hiyo ni afadhali kwa kila mtu. Bora mkono uoshwe na sabuni baadaye.

4. Vitu haziingii chooni, ata ukiwa na haraka

Sheria ni fupi: mkojo, kinyesi, tishu ya choo. Hizo tatu tu. Zingine zote ni za pipa.

*Waipsi.* Ata zile zimeandikwa kwa paketi ati zinaflashika. Nyingi zina nyuzi za plastiki ama zimesokotwa kama kitambaa. London mwaka wa 2017 walipata donge la mafuta na waipsi chini ya mtaa wa Whitechapel, urefu wa mita 250, uzito wa tani kama 130. Kipande chake kiliwekwa makumbusho watu wakaenda kutazama. Kama bomba za London zilishindwa, ile ya inchi nne ya ploti yenu itafanya nini?

*Pedi na pampasi.* Zimetengenezwa kunyonya maji na kuvimba. Ndani ya bomba zinafanya kazi yao vizuri kabisa. Zifunge kwa karatasi, weka kwa pipa lenye kifuniko.

*Kondomu.* Haiozi, inaelea, na siku lori ikikuja kila mtu wa ploti ataiona ikitoka. Funga, tupa kwa pipa.

*Nywele za kusukia.* Hizi ni plastiki. Zinajisokota na waipsi zinakuwa kamba. Ukifumua, zikusanye zote.

*Mafuta ya kupika.* Yakiwa moto ni maji. Yakipoa kwa bomba yanakuwa mshumaa. Wacha yapoe, yapanguze na gazeti, tupa.

*Majani ya chai, ukoko wa ugali, wali.* Hizi hupitia sinki, lakini kwa ploti nyingi sinki na choo hukutana kwa tenki moja.

*Gazeti na karatasi ya daftari.* Mwezi ukiwa kona, tunaelewa. Tumia, lakini usiflashi. Weka kwa pipa.

Ukipata choo imeandikwa "Usitupe tishu ndani", usidhani ni ushamba. Mara nyingi bomba ni nyembamba, imelazwa vibaya, ama watu wanaflashi na maji kidogo. Fuata. Weka mfuko ndani ya pipa, funika, toa kila siku, nawa mikono. Na kama uko na choo cha shimo, sheria hazibadiliki: pedi, chupa na nguo kuukuu ndizo hujaza shimo kabla ya wakati wake, na hata ile lori haiwezi kuzinyonya vizuri juu zinaziba mpira wake.

5. Maji ya ndoo: si wingi tu, ni kasi

Nairobi maji ni ya zamu, na wengi wetu tunaflashi na ndoo. Shida ni kwamba watu humwaga kidogo kidogo wakidhani wanaokoa maji. Ukimwaga pole pole, maji inapita kando na mzigo inabaki. Mara ya tatu, ya nne, imeshika kwa kona ya bomba, na siku ya tano unaita fundi.

Mwaga lita kama sita hivi, mara moja, kwa nguvu, ukilenga katikati. Ukimaliza, ongeza kidogo ndio ile maji inakaa kwa shingo ya choo irudi. Hiyo maji ya shingo ni mlango. Ndio inazuia harufu ya tenki kupanda kwa nyumba.

Hii inaelezea pia ile harufu ya bafu ukitoka ushago baada ya Krismasi. Mara nyingi si tenki imejaa. Maji ya kwa shimo la bafu imekauka mkiwa hamko. Mwaga kikombe mbili, subiri kidogo, harufu inaisha. Isipoisha, sasa anza kushuku tenki.

Maji ya kuosha nguo inaweza kurudi kazi: inafaa kuflashi choo kabisa. Ila usiokote ile yenye Jik nyingi. Sababu iko hapo chini.

6. Jik, asidi, hamira na dawa za mtaa

Kumbuka wale bakteria wafanyikazi. Kuosha choo na dawa kidogo mara moja kwa wiki hakuwamalizi. Lakini ukimwaga chupa nzima ya Jik ama asidi kila Jumamosi, na majirani ishirini wanafanya hivyo, unawafuta kazi. Tope haiozi, tenki inajaa haraka.

Na hii ishike vizuri: usichanganye Jik na dawa ya asidi ya kuosha choo. Zikikutana zinatoa gesi ya klorini, na choo ya bedsita haina hewa ya kutosha. Ukianza kukohoa na macho kuwasha, toka nje, wacha mlango wazi.

Je, hamira? Kuna wasee huapa ukimwaga hamira ama unga fulani kwa septiki unafufua bakteria. Kinyesi chenyewe kinaleta bakteria wa kutosha kila siku. Tenki iliyojaa tope haihitaji hamira, inahitaji lori. Na usiwahi kumwaga mafuta taa ama petroli ndani ati kuua harufu. Gesi ya huko chini hushika moto.

7. Dalili kwamba tenki inaomba msaada

Zinakuja kwa mpangilio, na ukizijua mapema mnaokoa doh:

- Choo inashuka pole pole, na si kwako tu. Ikiwa ni kwako pekee, bomba yako imeziba. Ikiwa ni ploti mzima, ni tenki.
- Unaskia "glu glu" kwa shimo la bafu jirani akiflashi.
- Harufu nje, karibu na kile kifuniko cha saruji, hasa asubuhi.
- Ardhi hapo iko na unyevu na nyasi ni ya kijani kuliko kwingine kote.
- Maji nyeusi inachungulia kwa bafu ya grao.

Ya mwisho ikifika, mmechelewa. Wanaishi grao hupata kwanza juu shimo la bafu yao ndio liko chini kuliko yote. Wa juu wanaendelea kuflashi bila kujua. Kama uko juu na umeambiwa kuna shida, wacha kuflashi. Hiyo ni heshima ya bure.

Alafu kuna visima. Kama maji ya ploti hutoka kwa kisima ama borehole, umbali wa angalau mita 30 kutoka kwa shimo la kunyonya ni kanuni ya kawaida. Ploti nyingi za hamsini kwa mia hazina hiyo nafasi. Kenya ilikuwa na mlipuko wa kipindupindu kuanzia Oktoba 2022 hadi ndani ya 2023, na kipindupindu hupitia njia hii hii: kinyesi kukutana na maji ya kunywa. Tenki ikishafurika karibu na kisima, chemsha maji ama weka dawa, bila mjadala.

8. Siku ya eksosta

Eksosta ni ile lori ya kunyonya choo. Bei hubadilika na umbali, saizi ya lori na msimu, na mvua ikinyesha wote wanaitwa siku moja. Mambo ya kuangalia:

*Inyonye tope, si maji tu.* Huu ndio mchezo mkubwa. Lori inaweka mpira juu juu, inabeba maji, inajaza, inaenda. Tope imebaki chini vile ilikuwa. Baada ya wiki tatu mnaita tena. Keateka asimame hapo, mpira ufike chini, na vyumba vyote vya tenki vifunguliwe.

*Uliza inamwaga wapi.* Kubeba taka kunahitaji leseni ya NEMA. Lori halali humwaga kwa mahali palipokubaliwa na kampuni ya maji. Ile inafanya kazi saa nane usiku kwa bei ya kutupa, kuna uwezekano inaenda kumwaga kwa mto, na huo mto kuna mtu wa sukuma wiki huko chini.

*Chukua risiti na piga picha.* Tarehe ndiyo muhimu. Mkijua mara ya mwisho ilikuwa lini, mnajua kama tenki ni ndogo ama kuna mtu anakula pesa.

*Tenki ya plastiki?* Isiachwe tupu kabisa msimu wa mvua. Maji ya ardhi inaweza kuisukuma juu ikapasua mabomba. Irudishiwe maji.

9. Hakuna mtu anaingia. Hakuna.

Hii sehemu usiruke.

Ndani ya septiki kuna gesi. Moja inanuka kama mayai yaliyooza, na ikizidi inaua pua kwanza: unaacha kuinusa, unadhani imeisha, kumbe imejaa. Gesi ingine hulipuka. Na hewa ya kupumua karibu haipo. Msee anaweza zirai kwa pumzi chache tu.

Kenya habari za watu kufa ndani ya septiki na mashimo ya choo hurudi kila mara, na mara nyingi si mtu mmoja. Wa kwanza anaingia kuzibua ama kuokota simu. Anaanguka. Wa pili anaruka kumwokoa. Wa tatu pia. Wote walikuwa watu wazuri, na ndio maana walikufa.

Kwa hivyo ukiskia keateka anatafuta kijana wa kushuka ndani kwa ngiri moja ama mbili, kataa kwa niaba yake. Hiyo kazi ni ya watu wenye vifaa vya kupumulia na kamba, si ya msee mwenye gamubuti. Mtu akianguka, usimfuate. Piga 999 ama 112, ama Msalaba Mwekundu kwa 1199, sukuma watu nyuma, usiwashe moto ama sigara hapo.

Na kifuniko. Kama kimepasuka ama kimeibiwa, siku hiyo hiyo kiwekwe kingine kizito. Bati na jiwe juu haziwezi shikilia mtoto wa miaka minne anayekimbiza mpira.

10. Nani analipa?

Angalia kwanza makubaliano yako ya nyumba. Kwa ploti nyingi kunyonya tenki ni kazi ya landilodi, ama iko ndani ya ile pesa ya huduma mnalipa kila mwezi. Kama unalipa hiyo pesa alafu unaombwa mchango wa eksosta tena, una haki ya kuuliza ile ya kwanza ilienda wapi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya makazi na ya viwango vinavyofaa vya usafi. Sheria ya Afya ya Umma inahesabu majitaka inayofurika kama kero, na maafisa wa afya wa kaunti wanaweza kumwandikia mwenye ploti aiondoe. Hiyo ofisi iko kwa kaunti ndogo yenu na kulalamika ni bure.

Venye unafanya: piga picha yenye tarehe. Mwandikie landilodi kwa ujumbe, si mdomo, kwa heshima: "Mzee, tenki imefurika tangu Jumatatu, nyumba za grao zimeingiliwa, tunaomba eksosta leo." Mkiwa wapangaji wengi, andikeni pamoja. Akinyamaza, peleka hizo ujumbe na picha kwa afisa wa afya. Karatasi hupigana vizuri kuliko kelele ya ngazi.

Lakini pia tuambiane ukweli. Lori ikitoa pedi kumi na waipsi gunia, landilodi ako na hoja. Hakuna tenki ya landilodi. Kuna tenki ya ploti.

11. Kabla utume deposi

- Flashi choo mara mbili mfululizo, uone kama ya pili inashuka.
- Mwaga ndoo ya maji kwa bafu, angalia inachukua muda gani.
- Nusa bafu ikiwa imefungwa.
- Uliza kifuniko cha tenki kiko wapi, nenda ukione.
- Muulize jirani, si keateka: "Eksosta ilikuja lini mwisho?"
- Kama ni grao, angalia ukuta wa bafu kwa chini. Alama ya maji ya zamani haifichiki na rangi moja.

12. Maswali ya haraka

*Tishu ngapi kwa mara moja?* Hakuna nambari, lakini kama ni ngumi nzima, flashi mara mbili.

*Choo imeziba saa hii, nifanye?* Usiflashi tena. Tumia ile mpira ya kusukuma, ama mwaga ndoo ya maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, subiri nusu saa. Maji ya kuchemka hapana, inaweza kupasua choo.

*Naweza weka waipsi za mtoto kama ni moja tu?* Nyumba 24, moja tu kila siku, kwa mwezi ni 720. Fanya hiyo hesabu ukiwa umesimama juu ya kifuniko.

Tuma hii kwa grupu ya WhatsApp ya ploti kabla mvua ianze. Anza na jaribio la chupa leo jioni, inachukua dakika moja. Alafu kesho tafuta kile kifuniko, ujue kile kitu unaishi juu yake.